Nyumba ya kupangisha watalii Pemuteran, Bali: naomba ushauri kabla sijatuma fedha

Mkwezi wa Mikindani

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mimi ni mkazi wa Mikindani, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiweka akiba kutokana na malipo ya korosho pamoja na kodi ya fremu mbili za biashara. Wiki iliyopita binamu yangu aliye Dar es Salaam alinitumia kipeperushi cha dalali anayeuza nyumba ndogo za kupangisha watalii katika kijiji kiitwacho Pemuteran, kaskazini-magharibi mwa kisiwa cha Bali, nchini Indonesia. Kipeperushi kinaahidi "umiliki wa kudumu", kinaonyesha bahari ya buluu na mlima nyuma yake, na kinasisitiza kwamba nafasi zilizobaki ni chache.

Nakiri kwamba niliwahi kuungua. Mwaka 2013, wakati kila mtu hapa Mtwara alikuwa akizungumza habari za gesi, nilinunua viwanja viwili kwa bei ya kuruka nikiamini kwamba wafanyakazi wa makampuni watagombania nyumba zangu. Leo kimoja kimeota magugu na kingine nafungia mbuzi. Kwa hiyo naomba kuelezwa na wanaofahamu: kijiji hicho ni cha namna gani, mgeni huenda kufanya nini huko, na je, Mtanzania anaweza kweli kumiliki nyumba na ardhi yake?

Baharia Mstaafu

Ndugu yangu wa Mikindani, nilifanya kazi melini pamoja na mtu wa Bali kwa miaka minne, na tulipomaliza mkataba alinichukua kwao Buleleng, wilaya ambayo Pemuteran imo. Nilikaa kijijini hapo siku tisa, basi nitakueleza niliyoyaona.

Kwanza, ondoa akilini picha ya Bali ya vilabu vya usiku. Hiyo iko kusini, karibu na uwanja wa ndege wa Ngurah Rai, na kutoka hapo hadi Pemuteran ni safari ya gari ya saa tatu na nusu hadi nne, kwa barabara inayopanda milima na kushuka upande wa pili. Pemuteran ni kijiji kilichobanwa kati ya vilima vikavu na bahari tulivu. Mvua ni haba kuliko kusini, mchanga wa ufukweni ni wa rangi ya majivu kwa sababu ya volkano, na ukitembea kidogo utakutana na mashamba ya zabibu. Anayetafuta mchanga mweupe kama wa Msimbati atasikitika.

Kinachowaleta wageni kiko chini ya maji. Miaka ya 1990 wavuvi wa huko walivua kwa baruti, na walimwaga sumu ya sayanaidi ili wakamate samaki wa mapambo, kisha joto la bahari la mwaka 1998 likamalizia matumbawe yaliyosalia. Mwaka 2000 wanakijiji, wakisaidiwa na wataalamu wawili wa kigeni, Wolf Hilbertz na Tom Goreau, walianza kuzamisha vyuma vilivyochomelewa kwa maumbo mbalimbali na kuvipitishia umeme mdogo sana. Umeme huo huyavuta madini yaliyomo katika maji ya bahari yagande juu ya chuma kama chokaa, na vipande vya matumbawe vikifungwa hapo kwa waya hushika na kukua. Nilisimama ufukweni nikaona nyaya zikitoka kwenye kibanda na kuingia majini, nikadhani ni uzembe wa mafundi wa umeme. Rafiki yangu alinipa miwani ya kuogelea, nikazama kidogo, nikakuta chuma chenye umbo la kuba kimevikwa matumbawe ya zambarau, na samaki wamejaa ndani yake kama watoto kwenye kibanda cha video. Kazi hiyo iliwapatia Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa mwaka 2012.

Zaidi ya hayo kuna kisiwa cha Menjangan, kilichomo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Bali Magharibi, ambako wapiga mbizi hupelekwa kwa mashua. Kuna pia hekalu la Pulaki kando ya barabara kuu, lenye nyani wasio na adabu hata kidogo; mmoja alinipokonya kofia.

Mitumbwi yao, inayoitwa *jukung*, ina mirengu pande zote mbili kama ngalawa zetu, na lugha yao ina *kabar*, *waktu*, *dunia* na *sabun*, hivyo hutajiona umepotea kabisa. Lakini angalia hatua zako asubuhi, maana kila mlangoni huwekwa chini kijikapu cha majani chenye maua na wali kwa ajili ya ibada. Tena ukifika siku ya Nyepi, yaani siku yao ya ukimya, ambayo kwa kawaida huangukia mwezi Machi, hutatoka nje ya nyumba, taa hupunguzwa, na hata uwanja wa ndege hufungwa kwa saa 24.

Mpima Ardhi wa Lindi

Shikamoo Baharia, umeeleza vizuri. Mimi nitajibu swali la umiliki, kwa kuwa ndilo lenye hatari.

Ndugu Mkwezi, neno "umiliki wa kudumu" katika kipeperushi hicho ndilo linalonitia shaka. Sheria ya Msingi ya Ardhi ya Indonesia, Namba 5 ya mwaka 1960, inatambua haki iitwayo *Hak Milik*, ambayo kweli haina ukomo, lakini ni ya raia wa Indonesia peke yao. Kifungu cha 26 kinasema kwamba ardhi hiyo ikihamishiwa kwa mgeni, hata kwa njia ya mzunguko, mapatano ni batili, ardhi inarudi kwa dola na fedha iliyolipwa hairudishwi. Madalali hukwepa kwa kuandikisha ardhi kwa jina la mwenyeji huku mgeni akibaki na karatasi ya pembeni. Karatasi hiyo haitakusaidia siku mwenyeji akigeuka, au akifariki na warithi wake wakadai chao.

Mgeni anaweza kupata *Hak Pakai*, yaani haki ya kutumia, ikiwa ana hati za uhamiaji zinazokubalika nchini humo. Au kampuni yenye mtaji wa kigeni inaweza kupata *Hak Guna Bangunan*, haki ya kujenga, ya miaka 30 inayoweza kuongezwa 20 na kuhuishwa kwa 30 mingine. Kampuni ya namna hiyo hutakiwa kuwa na mpango wa uwekezaji unaozidi rupia bilioni 10, nami sidhani korosho za msimu mmoja zinafika huko. Njia ya kawaida kwa mtu wa kiasi ni kukodi kwa miaka 25 au 30, na kodi ya miaka yote hulipwa mwanzoni. Bei hutajwa kwa *are*, ambayo ni mita za mraba 100, kwa hiyo kiwanja chetu cha 20 kwa 20 ni *are* nne. Zingatia pia kwamba ujenzi huzuiwa katika ukanda wa angalau mita 100 kutoka alama ya maji kujaa. Huku kwetu ni mita 60.

Usione kwamba wanatubagua. Sheria yetu ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo haimpi asiye raia ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji. Tofauti ni kwamba huko wewe ndiye utakayekuwa "asiye raia" tuliyezoea kumsoma katika kifungu.

Binti wa Msimbati

Naongeza jambo moja tu. Hifadhi yetu ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilitangazwa mwaka huohuo wa 2000. Baba yangu alikuwa mvuvi, na ninakumbuka mlio wa baruti ukitikisa vikombe kabatini. Wenzetu wa Pemuteran walipata wageni kwa sababu wanakijiji wenyewe waliweka walinzi wa bahari, wanaowaita *pecalang*, wanaotii kanuni za kijiji cha mila, yaani jumuiya ya wenyeji inayosimamia desturi zao. Kwa hiyo, kaka Mkwezi, hata ukikodi kwa halali, uliza kijiji cha mila kinasemaje juu ya jengo hilo, kwa sababu kibali cha ofisini pekee hakitakupatia amani na majirani.

Mkwezi wa Mikindani

Nawashukuru sana nyote. Jana nilimwandikia dalali nikamuuliza hati ni ya aina gani na imeandikwa jina la nani. Amejibu kwamba ni *Hak Milik*, kwa jina la "mwenyeji wetu mwaminifu", na kwamba nikilipa kabla ya Ijumaa nitapunguziwa asilimia kumi. Nimemwambia binamu yangu kwamba fedha haitumwi. Mzee Baharia, ikiwa rafiki yako bado yuko Buleleng, ningependa niende kama mgeni wa kawaida kwa wiki moja, nione hizo nyaya zinazoingia majini.