Kuzuia vurugu shuleni: ni kazi ya wanafunzi au tunawatwisha mzigo wetu?

Mwanzisha mada:
Wakuu habari za saa hizi. Naona shule nyingi zinaanzisha vikundi vya wanafunzi vya kuzuia ngumi, uonevu, kuviziana njiani, yani wao ndo watulize wenzao na wapeleke taarifa. Mi nauliza tu, hii kazi ni ya mtoto kweli? Nilivyokuwa shule nilimnong'oneza mwalimu kwamba kuna jamaa wana kisu bwenini, kesho yake mstarini akanitaja kwa jina, eti ananishukuru kwa ushirikiano. Muhula mzima nilikula peke yangu na godoro langu nilikuwa nalikuta limemwagiwa maji. Kisu kilipatikana sawa, ila mimi nani alinilinda?

Mchangiaji 1:
Pole sana mkuu, ila hapo aliyekosea ni mwalimu. Kule Marekani Secret Service, wale walinzi wa rais, na wizara ya elimu walichambua mashambulio 37 ya shuleni, ya toka 1974 hadi 2000, wakakuta kwenye asilimia 81 kuna mtu mwingine alishajua mpango kabla, na wengi wa hao waliojua walikuwa rafiki, ndugu au wanafunzi wenzake. Sasa mtu mzima utajulia wapi kama mtoto hajakwambia?

Mchangiaji 2:
Nyie wote mmeng'ang'ania kuchoma utambi tu, kwani kuzuia vurugu ni kuripoti peke yake? Kuna utafiti ulifanyika New Jersey shule 56, ulitoka 2016, waliwaomba wanafunzi wote wataje huwa wanakaa na nani, kwa hiyo wakajua nani ana watu wengi nyuma yake. Kwenye baadhi ya shule wakachukua kikundi kidogo cha wanafunzi, kwa bahati nasibu, sio wale wapole wa walimu, wakawaachia wabuni mabango na kauli zao wenyewe, na wakimwona mtu katenda jambo zuri wanampa bangili ya rangi ya machungwa. Hakuna aliyeambiwa akaamulie ngumi. Kesi za ugomvi zilizofika kwa walimu zilipungua kama asilimia 30, na palipokuwa na wenye watu wengi ndani ya kikundi matokeo yalikuwa makubwa zaidi. Sisi tunachagua kiranja anayeogopwa na hata kusalimiwa hasalimiwi halafu tunashangaa hasikilizwi. Yule mtundu anayechekesha darasa zima ndo mumchukue.

Mchangiaji 3:
Mimi ni mwalimu, nakubali hilo la mtundu japo litawachefua wenzangu ofisini. Ninachokataa ni huu usuluhishi wa wanafunzi kwa kila kesi. Wawili waliogombania kiti ni sawa kwa sawa, wasuluhishwe na wenzao hakuna shida. Ila mtoto anayenyang'anywa hela kila siku unamkalisha meza moja na anayemnyang'anya, katikati mwanafunzi mwenzao, unawaambia kila mtu aeleze upande wake! Upande gani sasa? Nilishaona mtoto anaomba msamaha kwa kuibiwa, macho chini, anakunja kunja pindo la shati. Hiyo ni ya mtu mzima. Na kuhusu taarifa, kwetu tuliweka sanduku, mwaka mzima limeambulia maganda ya pipi.

Mwanzisha mada:
Nimewaelewa, nilichanganya mambo mawili. Kubadilisha hali ya darasa wanaweza, tena kutuzidi, ila kubeba kesi ya kisu hapana, wakishaisema tu iwe imetoka mikononi mwao na jina lisitajwe hata kwa kusifiwa. Mwalimu, hilo sanduku limetundikwa wapi na funguo anayo nani?

Mchangiaji 3:
Mlangoni kwa ofisi ya walimu. Funguo anayo kiranja mkuu.

Mwanzisha mada:
Haya, mwalimu.