Kuna aliyewahi fika Mima Mounds kule Washington? Nataka kumpeleka mamangu

MamaZuu_Kisauni

Assalamu alaikum wapendwa, na wengine wote hamjambo. Inshallah mwezi wa nne nina safari, ndugu yangu anakaa Tacoma jimbo la Washington kule Marekani, mwaka wa tisa huu hajarudi nyumbani na mamangu ametamani sana kumuona kabla miguu haijamkatalia kabisa, kwa hivyo twaenda sote wawili. Sasa juzi huyu ndugu yangu katuma picha kwa wasapu, ni uwanda wa nyasi umejaa vilima vidogo vidogo vya mviringo, vimepangana hivyo mpaka macho yanapokomea, kila kimoja kama bakuli limefunikwa. Anasema ni hifadhi ya serikali paitwa Mima Mounds na ati mpaka leo wataalamu hawajakubaliana vilitokea vipi.

Mamangu alipoiona picha alinyamaza kwanza, akaishika simu karibu na miwani, halafu akaniambia "hayo ni makaburi, mwambie nduguyo asiyakanyage." Na tangu siku hiyo kila tukikaa kwa chai yuwaniuliza, je umemwambia?

Sasa naomba mwenye kujua anisaidie. Je ni makaburi kweli? Manake kama ni makaburi mamangu hatakanyaga hapo na mimi sitamlazimisha. Na kama sio, je mtu mwenye magoti mabovu ataweza kuzunguka au nitamtesa bure? Yeye ana miaka 71, anatembea na fimbo, ngazi za nyumba anapanda kwa shida. Na pia ningependa kujua hiyo hadithi ya jinsi vilivyotokea, maana nimesoma nikachanganyikiwa, huyu asema fuko, yule asema tetemeko, mwengine barafu. Natanguliza shukrani.

---

TotoLaMajengo

Waalaikum salaam dada. Mimi nimezaliwa Majengo lakini nimeishi Lacey miaka sita, Lacey iko jirani na Olympia, na hapo Mima Mounds nimefika mara mbili, kutoka Olympia ni kama nusu saa kwa gari, unapita kijiji kinaitwa Littlerock. Kutoka Tacoma kwa nduguyo hesabu saa nzima na zaidi kidogo kama barabara haijafunga.

Kwanza nimtoe mama wasiwasi. Sio makaburi. Na mwambie hakuwaza peke yake, mwaka 1841 kuna nahodha wa Marekani Charles Wilkes alipita hapo na msafara wake wa uchunguzi, naye akadhani ni makaburi ya wenyeji, akaamuru vilima kadhaa vichimbwe. Hawakukuta mfupa. Mawe madogo na udongo tu, basi. Kwa hivyo mamako na yule nahodha waliona kitu kimoja wakafikiri kitu kimoja, tofauti ni kwamba mamako alisema visikanyagwe na yule akachukua sepeto.

Na hata hivyo heshima anayoitaka mama ipo, kule huruhusiwi kupanda vilima, unafuata njia tu. Mbwa pia hawaruhusiwi. Kuhusu magoti, kuna njia fupi imewekwa lami, ni kama mita 800 hivi na hata kiti cha magurudumu kinapita, mimi siku ya kwanza nilimkuta mzee mmoja anasukumwa na mjukuu wake bila taabu yoyote. Zile njia ndefu za udongo waachieni vijana. Kuna kibanda cha zege cha mviringo kimejengwa kama kilima chenyewe, ndani kuna maelezo na juu yake kuna ngazi za kupanda uone uwanda wote, hizo ngazi mama asizipande, wewe panda umpigie video umteremshie.

Mwezi wa nne ni wakati mzuri sana, mwisho wa mwezi ndio unaanza kuona maua ya camas, mmea wa maua ya buluu unaoota kutoka kwa kitunguu chini ya ardhi, wenyeji wa kule kama Wachehalis walikuwa wakivichimba vile vitunguu na kuvioka kwenye shimo la mawe ya moto, na ule uwanda wenyewe walikuwa wakiuchoma moto makusudi ili miti isiufunike. Sikuwa najua hayo siku ya kwanza, nilifika asubuhi ukungu umelala chini kwenye mabonde baina ya vilima, vichwa vya vilima tu ndio vinatokeza, mimi mtoto wa pwani nikaona kabisa bahari na visiwa. Nilisimama hapo mpaka vidole vikafa ganzi. Mara ya pili nilienda mchana jua kali, hakukuwa na kitu cha namna ile, vilima tu vya nyasi, mke wangu akaniuliza ndio hivi? Kwa hivyo nendeni mapema.

Mambo ya kujiandaa, gari lazima liwe na kibali cha kuegesha cha jimbo, cha siku moja ni dola 10 hivi, nduguyo atakijua. Basi la abiria halifiki. Duka hakuna, bebeni themosi ya chai na kitu cha kutafuna. Koti la mvua na soksi nzito, mwezi wa nne kule ni baridi ya kweli. Na mama asishtuke akisikia bunduki, jirani kuna klabu watu wanafanya mazoezi ya shabaha, siku nyengine inasikika kabisa.

---

MwalimuWaRamani

Shikamoo yake mama huyo, mpelekee. Mimi nimesomesha jografia shule za hapa Mombasa zaidi ya miaka 20 na hili swali la vilima vya Mima nalipenda sana kwa sababu linaonyesha wanafunzi kwamba kitabu hakijamaliza kila kitu. Nitajaribu kueleza.

Anza na ardhi yenyewe. Kama miaka 16,000 iliyopita barafu nene iliyotelemka kutoka upande wa Kanada ilifika mpaka karibu na hapo Olympia pa leo, ikaishia hapo, ikaanza kuyeyuka, na maji yake yakamwaga kokoto uwanda mzima. Sasa vilima vimekaa juu ya hizo kokoto. Ukikikata kilima katikati kama mkate wa mofa utaona chini kokoto na juu udongo mweusi laini uliochanganyika na mawe madogo, na baina ya kilima na kilima udongo ni mchache, kokoto ziko karibu na uso wa ardhi. Urefu wa vile vikubwa unapita kimo cha mtu, mita mbili na kitu. Swali ni nani aliukusanya huo udongo ukakaa mafungu mafungu.

Wa kwanza ni fuko, tuseme fuko wa kule, mnyama kama panya mwenye vifuko mashavuni. Mwaka 1942 Victor Scheffer na Walter Dalquest waliandika kwamba huyu ndiye aliyejenga, kwa sababu udongo ni mchache na chini ni mawe na maji, basi anasukuma udongo kidogo kidogo kurudi pale penye unene ambapo ndipo kiota chake kilipo, na watoto wake na wajukuu wake wanaendelea hapo hapo vizazi na vizazi. Mwaka 2013 Manny Gabet akaweka hesabu hizo kwenye kompyuta, fuko wa kompyuta wakaachiwa wachimbe, na baada ya miaka mia kadhaa ya kompyuta vilima vikatokea vyenyewe, umbo na nafasi zake vinafanana na vya kweli. Pia mawe yaliyo ndani ya vilima ni yale madogo ambayo fuko anaweza kuyasukuma, makubwa yamebaki chini. Mimi hoja hii ya mawe ndiyo inayonivuta zaidi, lakini wanaopinga wanasema hakuna aliyewahi kukaa akaona fuko wanakijenga kilima kizima kutoka mwanzo mpaka mwisho.

Wa pili ni tetemeko. Mwanajiolojia Andrew Berg alikuwa akijenga kibanda cha mbwa, kwenye ubao kulikuwa na vumbi la volkano, kila akigonga nyundo vumbi linajikusanya vifungu vifungu. Akaandika mwaka 1990 kwamba ardhi ikitikiswa juu ya mwamba mgumu yaweza kufanya vivyo hivyo. MamaZuu mwambie mamako achukue sinia kavu la bati, anyunyize unga mwembamba kama wa ngano, halafu agonge kwa chini kwa kijiko polepole na sawasawa. Mwanamke aliyepeta mchele maisha yake yote hatahitaji mwalimu, ataelewa kabla yangu. Lakini shida iko hapa, vilima vya namna hii viko pia Texas na Louisiana ambako matetemeko makubwa si ya kawaida. Na hilo hilo linawabana wanaosema ni barafu iliyoyeyuka, barafu haikufika Louisiana. Wengine wanasema upepo, vumbi linanaswa na vichaka, kichaka kinakufa kilima kinabaki.

Na sisi Afrika tunavyo vyetu. Kule pwani ya magharibi ya Afrika Kusini kuna vilima vinaitwa heuweltjies, upana wa kimoja wafika mita 30, na ndani wanaishi mchwa mpaka leo, watafiti walivipima karibu na mto Buffels na mwaka 2024 wakatangaza kwamba kuna vilivyokaliwa tangu miaka 34,000 iliyopita. Hebu fikiria, mchwa walikuwa nyumbani kwao barafu ya Washington haijafika. Namibia kuna yale maduara ya mchanga mtupu kwenye nyasi, Norbert Juergens asema mchwa, Stephan Getzin asema ni nyasi zenyewe zinagombania maji, bado wanabishana. Na hata hapa Kenya, Mpala huko Laikipia, vichuguu vya mchwa vimejipanga kwa nafasi zinazokaribiana kulingana, na utafiti wa 2010 ulionyesha kuwa karibu na kichuguu mimea na wadudu vinastawi kuliko mbali.

Nikiulizwa mimi nitasema kila pahali pana mjenzi wake. Kumtafuta mmoja aliyejenga vyote, Washington, Louisiana na Afrika Kusini, ndiko kunakowapoteza.

---

KijanaWaGongoni

Nimesoma yote, Mwalimu ahsante sana, lakini dada MamaZuu naomba niseme neno. Kabla hujampeleka mama mbali hivyo, je amewahi kuiona Nyari? Nyari hapa Marafa, nyuma ya Malindi. Wageni wanatoka Italia wanafika, na watu wa Mombasa naongea nao kila siku hawajui iko wapi, na mtu akitoka hapo Kisauni asubuhi mapema adhuhuri anaswali Malindi na mchana huo huo anafika.

Nyari kwetu maana yake ni mahali palipovunjika penyewe. Unatembea shambani, mikorosho, mihogo, halafu ghafla ardhi imekwisha mbele ya miguu yako na chini kuna minara ya mchanga, mweupe, wa pinki, wa rangi ya machungwa, mwekundu wa damu. Wazee wanasema hapo palikuwa na watu matajiri wenye ng'ombe wengi mpaka wakaoga maziwa, Mungu akakasirika ardhi ikawameza, ule weupe ni maziwa na wekundu ni damu yao. Na wengine wana ya bibi kizee aliyeambiwa ahame akakataa. Walimu wanasema ni mvua na upepo zinakula mchanga uliolainika, na mimi naamini, kwa sababu nimeona kwa macho. Babu alituonyesha mkorosho aliosema alipokuwa kijana ulikuwa mbali na ukingo hata mbuzi wanalala chini yake. Mimi niliukuta mizizi imening'inia nje, ukiinama unaona mchanga unadondoka punje punje kutoka kwenye mizizi bila upepo wala mtu kugusa. Mvua iliyofuata ukaenda.

Nendeni saa kumi jioni, sio mchana, mule ndani joto linafungana kama tanuri na mama hatastahimili. Mama asishuke, akae juu ukingoni mbali kidogo, jua likishuka zile rangi zinabadilika na yeye ataona kila kitu kutoka kwenye kiti. Chukueni mwongozaji wa pale pale kijijini, ile pesa ya kiingilio inasaidia jamii ya hapo.

---

MamaZuu_Kisauni

Subhanallah, nimewasomea mama yote jana baada ya isha, amekaa mkekani anasikiliza, na nilipofika pale pa sinia akaniambia ngoja. Akainuka mwenyewe jikoni, akaja na sinia la kupetea na kikombe cha unga. Akalishika kwa mkono mmoja akagonga kwa chini na kijiko, tk tk tk, na wallahi unga ukajivuta, kwanza ulikuwa kama shuka halafu ukaanza kupasuka, vikabaki vivimbe vidogo vidogo na baina yake bati tupu linang'aa. Tuliangaliana. Mwanangu Zuu akapiga kelele bibi fanya tena.

Halafu mama akasema, "Lakini mimi nimegonga sawasawa. Tetemeko hugonga sawasawa?" Mwalimu hilo nakuachia wewe.

Kaka wa Gongoni umeniongelea ukweli, mamangu amezaliwa hapa na hajaiona Nyari, na mimi pia sijaiona. Tumeshakubaliana Jumamosi hii inshallah, nimeongea na shemeji ana gari, tutatoka mapema tupumzike Malindi kwa jamaa halafu saa tisa tupande Marafa. Kiti cha plastiki tutabeba.

Na kule Mima amekubali kwenda, kwa sharti la njia ya lami tu. TotoLaMajengo swali la mwisho, hicho kibanda cha zege kina paa, mvua ikitukuta?

---

TotoLaMajengo

Kina paa dada, mutajikinga. Mwambie nduguyo mutoke Tacoma alfajiri, ukungu ukipata jua unaondoka haraka sana.

---

MwalimuWaRamani

Mwambie mama swali lake ni zito. Nitalipeleka darasani Jumatatu pamoja na sinia.