MCA (mwakilishi wadi) Kenya anajenga bila kibali: kiti kinamkinga?

Jirani_Ploti: Wadau, mwakilishi wadi wetu anapandisha ghorofa ya nne ukingoni mwa mto. Getini hakuna hata bango la mradi. Kaunti kila siku ni "tunafuatilia". Je, cheo kinamkinga? Akipatikana na hatia anapoteza kiti?

Mchora_Ramani: Hakimkingi. Kinga ya mjumbe ni ya maneno anayosema bungeni, si ya saruji na kokoto. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, kifungu cha 57: kuanza ujenzi bila kibali ni faini isiyozidi Sh500,000, au kifungo kisichozidi miezi 2, au vyote viwili.

Lakini hakikisha kwanza kama aliomba. Ombi lisipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, huhesabiwa limekubaliwa, na kaunti ikinyamaza makusudi utakwama hapo. Omba nakala ya ombi hilo kwa barua chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Wana siku 21 kujibu. Taja nambari ya ploti, usitegemee jina lake. Huenda karatasi zina jina la kampuni au la mke.

Wakili_Mtaani: Kuhusu kiti, usitarajie makubwa. Ibara ya 193 ya Katiba inamwondolea sifa anayetumikia kifungo cha miezi 6 au zaidi. Hapa kikomo ni 2. Na laki tano kwa mwenye ghorofa nne ni ada tu.

Kinachouma ni kazi kusimama. Kaunti ikitoa notisi ya kusimamisha ujenzi, kifungu cha 72 cha sheria hiyo ya mipango, ana siku 14 za kukata rufaa. Wasipoitoa, nenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi: kwa ibara ya 70 ya Katiba huhitaji kuthibitisha umeumia. Omba amri ya muda, na weka picha zenye tarehe, slebu kwa slebu. Akimwaga zege baada ya amri, hiyo ni kudharau mahakama.

Jirani_Ploti: Na kama ndiye aliyempigia afisa simu asibandike notisi?

Wakili_Mtaani: Hilo sasa si kosa la ujenzi tena, ni matumizi mabaya ya ofisi. Peleka EACC, tume ya maadili na kupambana na ufisadi. Ibara hiyohiyo ya 193 inamng'oa aliyethibitishwa kukiuka Sura ya Sita (uongozi na uadilifu), bila kujali miezi ya kifungo. Ila umbea hautoshi. Tafuta barua, au afisa aliye tayari kuandikisha taarifa.

Mchora_Ramani: Nakala nyingine ya malalamiko peleka NEMA, mamlaka ya mazingira, kwa ajili ya huo mto.