Nilimpelekea kiuno, akanipinda shingo bila kuniuliza

Wanajamvi, naandika nikiwa na taulo la moto shingoni, na hasira bado imenikaa kooni. Yule bwana wa viungo, anayetibu kwa kusukuma pingili za mgongo kwa mikono (chiropractor), mnamjua wote. Kila Mswahili anayehamia hapa Davenport, Iowa, Marekani, hupewa namba yake siku ya kwanza anapolalamika mgongo. Leo nimempelekea kiuno kilichokaza baada ya wiki tatu za kubeba maboksi ghalani. Kiuno, jamani! Nililala kifudifudi, uso kwenye tundu la kitanda, karatasi ikinata shavuni, akasukuma pingili za chini mara mbili, nikapata nafuu kidogo, sikatai. Kisha akanigeuza chali, akanishika kidevu na kisogo, na kabla sijafumbua mdomo shingo ikalia kaa! mlio ambao lazima ulisikika mpaka Illinois, ng'ambo ya Mto Mississippi.

Hakuniuliza. Nilipomwambia kwamba shingo yangu haikuwa na tatizo na kwamba nina presha, alinijibu mbele ya wagonjwa wenzangu kuwa wanawake wa kwetu ni waoga, na kwamba presha itaishia hapo hapo shingoni pamoja na pumu ya mwanangu. Akanisimulia habari za Daniel David Palmer, mwanzilishi wa tiba hii ya kusukuma pingili, ambaye mwaka 1895, katika mji huu huu, alidai kumrudishia Harvey Lillard usikivu kwa kusukuma pingili ya mgongo. Neva ya kusikia inatoka sikioni kwenda kwenye ubongo. Mgongoni inafuata nini? Maumivu ya kiuno nakubali, kwa sababu hata chama cha madaktari cha Marekani, American College of Physicians, mwaka 2017 waliitaja tiba hii kati ya njia za kujaribu kabla ya dawa, lakini pumu? Na shingo ikisukumwa kwa ghafla, ingawa ni nadra, mshipa wa damu unaweza kuchanika ndani na kuleta kiharusi. Kidevu changu kilikuwa mkononi mwake, naye hakuniuliza!

Mtani wa Ujiji: Mleta uzi, mtu amekushika kidevu na kisogo kwa mikono miwili, wewe ulidhani anakupima kofia?

Nesi wa Usiku: Pole sana dada. Mlio ule si mfupa, ni gesi ndani ya ute wa kiungo, kwa hiyo shingo haijavunjika. Hata hivyo, ukipata kizunguzungu, ukaona vitu viwili viwili au ulimi ukawa mzito, piga 911 saa hiyo hiyo. Vidonge vya presha usiache.

Dereva wa Masafa: Afadhali wewe uliyepindwa shingo tu. Mimi aliniuzia kifurushi cha vikao 24, nikalipa vyote mapema, mgongo ukapona kikao cha nne, na fedha zangu amekataa kurudisha.

Mama Pacha: 24? Mimi nilitozwa 36, na eksirei juu yake.

Dereva wa Masafa: Mama Pacha, risiti unazo? Ziweke hapa tulinganishe bei.