Bajeti ya chakula ni ile ile, nitoe nini niweke nini?

MamaPili_Mbagala
Wadau habari za jioni, naombeni mawazo. Nyumbani tupo watano, mimi, baba watoto, watoto wawili wa shule ya msingi na mama mkwe. Baba watoto kapimwa juzi kakutwa na presha, daktari kamwambia apunguze chumvi na mafuta, na mama mkwe ana sukari miaka mingi. Mimi nina 80,000 ya wiki kwa vitu vya ndani na haiongezeki. Nanunua sembe, mchele, sukari kilo mbili, mafuta ya mgando, soseji, juisi za boksi za watoto kubeba shule, soda za Jumapili, nyama kidogo, mboga nachukua gengeni jioni. Kila ninayemuuliza ananitajia shayiri, mafuta ya zeituni na siki ya tufaa, vitu vya supamaketi ambavyo siviwezi. Familia za kawaida mnafanyaje jamani?

mkaka_wa_Tabata
Dada achana na hizo za zeituni kabisa, anza na vinywaji maana hapo ndo hela inapovuja na ndo sukari ilipo. Soda moja ya mililita 350 ina sukari kama gramu 35 hadi 37, yani vijiko vya chai tisa hivi, wakati Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongeza kwa mtu mzima ikiwa chini ya gramu 25 kwa siku ndo vizuri zaidi, sasa mtoto wa darasa la pili anamaliza chupa nzima na bado jioni anakunywa chai ya sukari. Na hizo juisi za boksi soma nyuma, vitu vinaandikwa kuanzia kilicho kingi kwenda kichache, ukikuta maji halafu sukari halafu ndo tunda ujue umenunua maji ya sukari. Sisi watoto wanabeba maji na ndizi au chungwa. Wiki ya kwanza walilia sana, tukakaza, sasa hivi hawaulizi.

Bi_Genge
Mwanangu mimi nauza mboga sokoni miaka, nikwambie. Usinunue mboga jioni, zimeshapigwa jua kutwa, njoo asubuhi, fungu la matembele au majani ya maboga linakuwa bichi na ukiwa mteja wangu nakuongezea. Ukifika nyumbani osha kwanza ndo ukate, na usichemshe ukamwaga maji, kaanga kidogo tu na nyanya na kitunguu, ukishaipua kamulia limao. Soseji toa, weka dagaa, karanga na maharage. Dagaa wa Mwanza chagua wale walioanikwa kwenye vichanja, wa chini wana mchanga utaosha mpaka uchoke. Mtoto anakula dagaa mzima na mifupa yake, hiyo ndo mifupa ya mtoto inajengwa. Ila kwa huyo baba mwenye presha msiwachukue wale dagaa mchele wa pwani, wanachemshwa na maji ya chumvi.

muuguzi_77
Limao la Bi Genge liko sahihi kabisa, vitamini C inasaidia mwili kuchukua madini ya chuma kwenye mboga na maharage. Chai kinyume chake inazuia, kwa hiyo watoto wasinywe chai ya rangi pamoja na chakula, wakae kwanza.

Kwenye presha watu wanaangalia kopo la chumvi tu. Mtu mzima asizidishe gramu 5 kutwa, hiyo ni kama kijiko kimoja cha chai, na humo imo ya kwenye mkate, soseji na hivi viungo vya mchuzi vya kidonge ambavyo ukisoma pakiti mara nyingi cha kwanza ni chumvi. Halafu MAGADI. Magadi yana sodiamu ile ile ya kwenye chumvi, na sisi tunayatia kwenye maharage, kwenye kande, kwenye mlenda, mgonjwa anakula hajui. Loweka maharage usiku kucha, mwaga yale maji, yataiva bila magadi. Tangawizi, kitunguu saumu, pilipili hoho, ndimu, hivyo ndo viungo vyako sasa.

Msaga_Dona
Mbona hamjagusa sembe? Hamia dona dada, lina kiini na pumba, linashibisha, na mama mwenye sukari litamfaa kuliko sembe.

muuguzi_77
@Msaga_Dona nakubali ila kwa sharti, dona la kufungashwa hujui limetoka mahindi gani nisingelichukua. Mahindi yakipata unyevu yanaota ukungu yanakuwa na sumukuvu, na kupika hakuitoi, mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa hiyo sumu. Ukikoboa inapungua, kwenye dona inabaki yote. Kwa hiyo nunua mahindi makavu, chambua utoe yaliyooza, yenye ukungu na yaliyovunjika, peleka mashineni mwenyewe. Saga ya wiki mbili tu, dona lina mafuta ya kiini, halikai sana, linachacha. Karanga hivyo hivyo, chungu au iliyosinyaa tupa. Na kwa mama mkwe dona likizidi nalo linapandisha sukari, nusu ya sahani iwe mboga, ugali robo.

MamaPili_Mbagala
Mungu awabariki. Magadi sijawahi hata kuyafikiria, na maharage yetu tunayatia kila siku! Kesho naanza: soda, juisi na soseji hazirudi, hiyo hela inaenda kwenye dagaa, matunda na mahindi ya kuchambua. Bado mafuta, nichukue yapi?

Bi_Genge
Ya alizeti ya Singida, chupa iliyofungwa, usiyapime kwenye dumu lililokaa juani. Na upime kwa kijiko unapopika, usimimine kutoka kwenye chupa. Asubuhi chemsha magimbi au viazi vitamu badala ya maandazi, utaona hayo mafuta yanafika mwisho wa wiki.