Mjadala: Kwenye uwanda wa Pelennor, sisi tunasimama upande gani?

Msomaji wa Usiku (mleta mada)

Wakuu, salaam. Nimemaliza The Lord of the Rings kwa mara ya nne, na safari hii nimekwama mahali ambapo zamani nilikuwa napita mbio. Naileta hapa kwa sababu nyumbani sina wa kubishana naye. Mume wangu alitazama filamu tu, tena alisinzia kabla hawajafika Rivendell.

Kwa ambaye hajasoma: Frodo ni hobiti, mtu mfupi wa miguu yenye manyoya, mpenda chakula na mwenye kuogopa safari. Anarithi pete aliyoifua Sauron, bwana wa Mordor, ili awatawale wote. Haiharibiki ila kwa kutupwa kwenye moto wa mlima ulio ndani ya nchi ya huyo huyo adui. Juzuu zilitoka tatu, 1954 na 1955, ingawa mwandishi wake, Tolkien, alisisitiza kuwa ni hadithi moja; kilichoikata vipande ni gharama za uchapaji.

Sasa njooni juzuu ya tatu, vita vya uwanda wa Pelennor mbele ya Minas Tirith, mji mkuu wa Gondor, ufalme unaompinga Sauron. Jeshi la Sauron limejaa watu wa Kusini, watu wa Harad, na tembo wao wa kutisha wanaoitwa mumakil. Kisha wanatajwa watu wa Harad ya Mbali: weusi, wanaofanana na nusu majitu, macho meupe, ndimi nyekundu. Basi. Hawana majina, hawasemi neno, wameletwa wafe. Nilipokuwa na miaka kumi na tano niliipita sentensi hiyo nikiwashangilia wapanda farasi wa Rohan, waliokuja kuisaidia Gondor. Juzi nimekiweka kitabu chini, nikaenda kuchemsha chai.

Siulizi kama Tolkien alikuwa mbaguzi. Amefariki tangu 1973, hatutamhoji. Nauliza kuhusu sisi. Unaposoma pale, unakuwa juu ya farasi au chini ya kwato? Na mtoto wako ungempa kitabu hiki bila kumwambia chochote?

Fundi Saa

Dada, hapo unakitafutia kitabu ubaya. Mwaka 1938 wachapishaji wa Kijerumani waliotaka kutoa The Hobbit, kitabu chake cha awali, walimuuliza Tolkien kama ana asili ya Kiarya. Aliandaa jibu la kejeli tupu: kama mnauliza iwapo mimi ni Myahudi, nasikitika kwamba sina babu katika watu wale wenye vipaji. Mwaka 1959, akiagwa Oxford, alisema chuki yake dhidi ya apartheid imo mifupani mwake. Na alizaliwa Bloemfontein, 1892, akaondoka na mama yake akiwa na miaka mitatu. Mtu wa namna hiyo unamweka kwenye kundi gani?

Halafu hii ni hadithi ya kubuni. Joka ni joka, jitu ni jitu.

Kibogoyo

Fundi, dada kasema wazi hamhukumu mzee, wewe unakuja na cheti chake cha tabia njema.

Ila kwa kuwa umefungua faili, tulifungue lote. Mwaka 1958, akisahihisha mswada wa filamu ambayo haikutengenezwa, alieleza orki, askari wa Sauron, wanafananaje: wafupi, wapana, pua bapa, ngozi ya manjano iliyofifia, macho ya mshazari. Akaongeza kwamba ni sura iliyoharibika ya aina ya Wamongolia wasiopendeza kabisa, kwa macho ya Wazungu. Hilo la "kwa macho ya Wazungu" ni lake mwenyewe, nampa haki yake. Alijua macho ni ya nani. Hata hivyo hakuyabadilisha.

Aliyeichukia apartheid na aliyeandika hivyo ni mtu mmoja, na sioni ajabu. Nina wajomba wanaokemea ukabila mezani kila Jumapili, halafu mwali akiletwa kutoka upande fulani wa nchi, nyuso zinabadilika.

Mwalimu Mstaafu

Wanangu, hivi mnasoma viambatisho kweli? Watu hufunga kitabu Sam, mwenzake Frodo safarini, anaporudi nyumbani, na nusu ya majibu iko nyuma.

Kiambatisho cha kwanza kinaeleza jinsi Gondor ilivyoiteka bandari ya Umbar mwaka 933 wa Zama za Tatu, kwa kalenda ya kitabu. Mabwana waliofukuzwa wakarudi na watu wa Harad kuizingira, na vita vikaendelea zaidi ya miaka mia. Mwaka 1050 mfalme wa Gondor akavuka mto Harnen na jeshi kubwa, akawaponda, akajipa jina Hyarmendacil, yaani mshindi wa Kusini. Tangu hapo wafalme wa Harad wakakiri ubwana wa Gondor, na wana wao wakakaa katika jumba la mfalme huko Gondor kama rehani. Rehani! Watoto wa watu.

Rudi nyuma zaidi uwatazame Wanumenor, mababu wa hao Gondor. Walifika pwani za Dunia ya Kati kwa merikebu, mwanzoni wakiwa walimu, wakifundisha kilimo na ufundi. Baadaye wakarudi kama mabwana na watoza kodi. Mimi nimefundisha historia miaka thelathini. Mtu wa Kilwa anayejua Vasco da Gama alifanya nini pale 1502 hahitaji kuelezwa sentensi hiyo mara mbili.

Kwa hiyo watu wa Harad walikuwa na kisa chao. Sauron hakuwaroga tu. Alikuta kidonda akakitia chumvi. Ninachomlaumu Tolkien ni kwamba jambo zito kama hilo kalificha ambako wasomaji wengi hawafiki.

Msomaji wa Usiku

Mwalimu, shikamoo. Hapo pa rehani nilipasoma, lakini sikuwahi kupaunganisha na wale wa Pelennor. Nakwenda kupasoma tena.

Fundi Saa

Nami natoka kiambatisho hicho hicho. Kuna vita vya ndugu Gondor. Mfalme Eldacar, mama yake ni binti wa watu wa Kaskazini, anakataliwa na wakuu kwa kuwa damu yake imechanganyika. Castamir anamnyang'anya kiti. Msimulizi yuko upande wa nani? Wa Eldacar, moja kwa moja! Castamir anachorwa katili, aliyechoma mji na kumuua mtoto wa mfalme. Na Eldacar hakuzeeka haraka, kama walivyohofia kwamba damu iliyochanganyika ingemfanya. Mwandishi anayeamini usafi wa damu haandiki hivyo.

Jingine. Sisi wenyewe tuna Utendi wa Tambuka, wa 1728, beti elfu moja na ushee. Waislamu na Warumi wa mfalme Herekali wa Konstantinopoli wanapigana, Warumi wanaangushwa kama mabua. Nani kati yetu amewahi kuuliza yule Mrumi alikuwa na mama? Tenzi za vita ndivyo zilivyo. Ukianza kuwalilia maadui, utenzi hauendi.

Kibogoyo

Hoja ya Tambuka nzuri, nakiri imenigusa. Lakini hakuna mtoto wa Konstantinopoli aliyelelewa kwenye Tambuka, akaipenda kuliko vitabu vyote, kisha ubeti wa mia saba akakuta maiti ina sura ya baba yake. Dada ndiye huyo mtoto. Swali lake linaanzia kwenye mapenzi. Mtu asiyekipenda kitabu angekitupa tu.

Na wale waliopiga kelele mwaka 2022, tamthilia ya Amazon ya ulimwengu huu wa Tolkien ilipoweka elf mweusi na binti wa mbilikimo mweusi, eti heshima kwa Tolkien! Sikumsikia hata mmoja wao akisononeka kwamba watu wa Harad walikufa bila majina. (Tamthilia yenyewe iliniboa, hilo ni jingine.)

Mama wa Watatu

Mnabishana vizuri lakini ukurasa mkubwa kuliko yote mmeuruka. Juzuu ya pili, Ithilien, nchi iliyo mpakani mwa Mordor. Sam amepika sungura, mara vita vinazuka, na mpiganaji wa Kusini anaanguka karibu na miguu yake, mshale shingoni, mkono wa kahawia umeshika kipini cha upanga uliovunjika. Ni mara ya kwanza Sam kuona watu wakipigana na watu, na hakupenda. Anajiuliza jina lake nani, katoka wapi, kweli alikuwa na moyo mbaya, au ni uongo au vitisho vilivyomtoa kwao safari yote ile, na kama hangependa kubaki nyumbani kwa amani.

Aliyeandika hapo alipigana Somme, katika Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1916. Maiti aliziona.

Kuna pia Ghân-buri-Ghân, mzee wa msituni anayewaonyesha Rohan njia ya siri. Halipwi dhahabu. Anaomba kitu kimoja: wasiwawinde tena watu wake kama wanyama. Sentensi ya kawaida, lakini maana yake ni kwamba hao wapanda farasi tunaowashangilia walikuwa wakiwinda watu. Tolkien kaiandika bila kupepesa macho.

Kwa hiyo kitabu kina mikono miwili, na mimi huwapa watoto mikono yote. Nawasomea kwa sauti, na pale Pelennor siruki. Nasoma, nanyamaza kidogo, naendelea. Wanauliza wenyewe.

Mwalimu Mstaafu

Mama, umesema vema, ila ukurasa wa Sam haufuti ule wa Pelennor. Sam aliuliza jina, na juzuu nzima iliyofuata haikumjibu.

Msomaji wa Usiku

Ndipo kinaponiuma, Mwalimu. Mwishoni Aragorn akishatawazwa mfalme wa Gondor, tunaambiwa alifanya amani na watu wa Harad, akawaachia huru watumwa wa Mordor na kuwapa ardhi yote kuzunguka ziwa Núrnen. Amani ya vita vya miaka elfu mbili, na imepewa nusu mstari! Nani alikaa upande wa pili wa mkeka? Alisema nini kuhusu wale watoto wa rehani? Kurasa ngapi tumepewa za nyimbo za elf na chakula cha hobiti, ila kikao hicho hatukuitwa. Nitakisoma mara ya tano, najijua. Lakini kikao hicho nakitaka.

Mama wa Watatu, hao wako walipofika Pelennor waliuliza nini?

Mama wa Watatu

Mkubwa aliuliza kama Harad ya Mbali ni huku kwetu. Nikamwambia ramani ya kitabu haifiki huko. Akaichukua ramani, akabandika karatasi nyingine chini yake, akaanza kuchora mito.

Wa kati swali lake lilikuwa la Ithilien, la yule tembo aliyepita akiponda miti na kutoweka. Alienda wapi? Nikamsomea: Sam hakusikia kamwe yaliyompata, kama alizurura porini hadi akafa mbali na kwao, au alitumbukia mtoni. Akakaa kimya, kisha akasema, "Mama, si alikuwa anarudi kwao tu?"

Mdogo alikuwa amelala.