Homa ya ini B ilikwisha, mbona DNA ya virusi bado imo kwenye ini?

BintiRufiji
Salaam, wanajukwaa. Mama yangu mkubwa amegundulika kuwa na saratani ya mitoki na anatarajiwa kuanza matibabu, ikiwemo dawa ya rituksimabu. Alipopimwa homa ya ini B, HBsAg (protini ya ganda la nje la virusi hivyo) haikuonekana na virusi havikuonekana kwenye damu, ila kingamwili za anti-HBc zilikuwepo. Daktari anasema aliwahi kuambukizwa akapona, lakini DNA ya virusi huenda bado imejificha kwenye ini, kwa hiyo atangulize tenofoviri, dawa ya kuzuia virusi hivyo. Mama mkubwa hakumbuki kuugua manjano hata siku moja, na haoni kwa nini ameze dawa ya ugonjwa ambao kipimo hakiuoni. Je, inawezekanaje damu iwe safi na ini liwe na virusi? Nawasilisha.

MtuWaMaabara
Pole kwa kuuguza, dada. Inawezekana kabisa. Virusi hivi vikiingia katika seli ya ini, DNA yake hupelekwa hadi ndani ya kiini cha seli, na huko vimeng'enya vya seli yenyewe huziba mapengo yake na kuunga ncha zake mpaka ikawa duara lililofungwa, ambalo wataalamu huliita cccDNA. Nakala zote za virusi vipya hutokana na duara hilo. Kinga ya mwili inaposhinda, seli nyingi zilizoambukizwa huuawa au husafishwa, lakini chache hubaki na duara likiwa limetulia, bila kutoa virusi vya kutosha kuonekana kwenye damu, na linaweza kukaa hivyo kwa miongo. Kwamba hakuugua manjano si hoja, kwa sababu wengi huambukizwa bila dalili yoyote. Ushahidi ulio wazi zaidi, kwa maoni yangu, unatoka kwenye upandikizaji: ini la mtu mwenye majibu kama ya mama mkubwa huweza kumwambukiza anayelipokea, na ndiyo maana mpokeaji hupewa dawa ya kinga.

BintiRufiji
Asante sana. Kwa hiyo tenofoviri itaiondoa hiyo DNA?

MfamasiaWaZamu
Hapana, dada. Tenofoviri huzuia kimeng'enya ambacho virusi hukitumia kutengeneza DNA mpya, lakini duara lililomo ndani ya kiini cha seli halilifikii. Hatari iko kwenye rituksimabu, ambayo huangamiza seli B (aina ya chembe nyeupe za damu), na seli hizo ni sehemu ya ulinzi unaovidhibiti virusi. Ulinzi ukiondoka, virusi huanza kuzaliana upya, na ini linaweza kushindwa kabisa kufanya kazi. Ndiyo maana mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo kali zaidi kuhusu jambo hili liwekwe kwenye maelezo ya dawa hiyo. Virusi vinaweza kuamka miezi mingi baada ya rituksimabu kumalizika, kwa hiyo tenofoviri huendelea kwa angalau miezi 12 baada ya dozi ya mwisho, na miongozo mingine husema 18. Tafadhali asiiache kwa sababu tu anajisikia vizuri, na figo zake zipimwe mara kwa mara.

Mwanabaiolojia
Naongeza kwamba homa ya ini B haiko peke yake. Mwaka 2015 watafiti wa Helsinki walichapisha uchunguzi wa mifupa ya askari wa Ufini waliokufa katika Vita Kuu ya Pili, na karibu nusu ya mifupa hiyo ilikuwa bado na DNA ya virusi vya parvo B19. Kukutwa kwa DNA hiyo hakumaanishi kwamba askari hao walikuwa wagonjwa, kwa sababu ni mabaki ya maambukizi yaliyopita. Tofauti ni kwamba DNA ya homa ya ini B inaweza kuzalisha virusi tena kinga inapodhoofishwa.

MtuWaMaabara
Jambo moja zaidi, dada. Kwa kuwa HBsAg yake haionekani, hakuna sababu ya kumtengea vyombo wala kuogopa kumhudumia. Hata hivyo, watu wazima wa nyumbani wapimwe, kwani Tanzania ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya homa ya ini B mwaka 2002, na wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata chanjo.